Kulea Imani na Utu katika Shule ya Msingi ya Kikatoliki: Mwongozo kwa Walimu wa Malindi na Lamu

Mwalimu anayepewa jukumu la mambo ya dini katika shule ya msingi inayofadhiliwa na Kanisa Katoliki huku kwetu Malindi, kwa kawaida hukabidhiwa vitu vitatu: ufunguo wa kabati lenye Biblia zilizochakaa, ratiba yenye kipindi kimoja kwa juma cha PPI, yaani kipindi cha malezi ya kiroho, na agizo la mdomo kwamba ahakikishe Misa ya kufungua muhula haiharibiki. Nami nilikabidhiwa hivyo hivyo, na ilinichukua miaka kadhaa kutambua kwamba Misa ya kufungua muhula ndiyo sehemu nyepesi ya kazi yenyewe. Padri huja, kwaya huimba, watoto hukaa kimya kwa sababu wageni wapo. Imani ya shule huonekana siku ya Jumanne ya kawaida, wakati mpishi amechelewesha uji, watoto wawili wamepigana chooni, na mwalimu wa zamu hana subira. Mwongozo huu unahusu Jumanne hiyo zaidi kuliko Misa.

Anza kwa kujua ni nani waliomo shuleni

Jimbo Katoliki la Malindi liliundwa mwaka 2000 kutoka Jimbo Kuu la Mombasa, nalo linahudumia eneo la Malindi, Tana River na Lamu. Katika nchi hii ya pwani, darasa moja la watoto arobaini laweza kuwa na Wakatoliki, Waanglikana, watoto wa makanisa ya kipentekoste, Waislamu, na watoto ambao nyumbani kwao babu bado anashika mila za Kimijikenda. Mwalimu anayepanga maisha ya sala ya shule kana kwamba wote ni Wakatoliki atawaumiza wengi, na anayeogopa kuwaumiza hata akaficha msalaba kabatini atakuwa amewadanganya wazazi wote, wakiwemo Waislamu, ambao walijua vyema wanamleta mtoto wao katika shule ya namna gani.

Sheria ya nchi imelisema jambo hili wazi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, katika kifungu cha 27, inampa mfadhili wa shule nafasi ya kusimamia na kushauri kuhusu malezi ya kiroho, pamoja na kuteua kasisi wa shule kwa gharama yake mwenyewe, lakini papo hapo inamtaka alinde dini na madhehebu ya wengine. Kanisa nalo lilikwisha kuyaweka mambo haya mawili pamoja kabla ya hapo: tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu ya Kikristo na tamko lake juu ya uhusiano na dini zisizo za Kikristo yalitolewa siku moja, tarehe 28 Oktoba 1965. Mimi huwakumbusha walimu wapya tarehe hiyo kila wanapotaka kuchagua moja na kuliacha la pili.

Kwa hiyo, katika juma la kwanza la Januari, andaa fomu fupi ya ukurasa mmoja kwa kila mzazi. Usiulize dini peke yake. Uliza kama mtoto amebatizwa na wapi, kama anajiandaa kwa Komunyo ya Kwanza parokiani, kama mzazi anaridhia mtoto ahudhurie Misa ya shule, na kama kuna chakula asichokula. Mzazi asiyejua kusoma asomewe na mwalimu mbele yake, asipewe mtoto amsomee. Fomu hizo zihifadhiwe na mwalimu wa darasa, wala si ofisini tu, maana ndiye atakayezihitaji saa mbili asubuhi.

Umuhimu wa fomu hiyo niliufahamu kwa aibu. Katika mwaka wangu wa kwanza, Jumatano ya Majivu, niliwapanga wanafunzi wote wa darasa la nne kwenye foleni bila kuuliza, na mvulana mmoja Mwislamu akarudi nyumbani na majivu kwenye paji la uso. Asubuhi ya pili bibi yake alikuja shuleni, akaketi, akapokea shikamoo yangu kwa utulivu, kisha akasema: "Mwanangu, huyu mjukuu namleta kwenu kwa sababu mna adabu. Nimekuja unielezee, hii ya jana ni adabu gani?" Sikuwa na la kumjibu ila kumtaka radhi. Mtoto hakuhamishwa, na bibi yule aliendelea kunisalimu sokoni, jambo ambalo hakuwa na lazima ya kulifanya.

Siku ya kawaida na sala zake

Sala ya gwaride la asubuhi iwe fupi. Dakika nne au tano zinatosha: ishara ya msalaba, aya moja ya Injili inayosomwa na mwanafunzi aliyeizoeza jana yake, nia moja iliyo hai kama vile mwenzao aliyelazwa hospitalini, Baba Yetu, basi. Mwalimu anayegeuza gwaride kuwa mahubiri ya nusu saa juani anawafundisha watoto kuichukia sala, na jua la Malindi la mwezi wa Februari halina huruma. Toa zamu kwa madarasa yote, hata la kwanza, na usiwachague kila mara wale wenye sauti nzuri. Watoto wasio Wakristo wasimame kwa heshima pamoja na wenzao bila kuagizwa kufanya ishara ya msalaba wala kutamka maneno. Waelezeni wazi kwamba kunyamaza kwao si utovu wa nidhamu, na waelezeni Wakatoliki pia, kwa kuwa mara nyingi ni mtoto Mkatoliki anayemchongea mwenzake: "Mwalimu, huyu hasali!"

Salamu ya "Tumsifu Yesu Kristo" na itikio lake "Milele na milele, amina" itumike darasani bila haya, pamoja na shikamoo kwa kila mkubwa. Hapa ndipo ninapokazia kuliko pote, na huenda wengine wataona natilia mkazo jambo dogo. Mtoto anayemsalimu mwalimu mkuu kwa magoti na kumpita mlinzi wa lango kama ampitavyo mti, hajafundishwa salamu, amefundishwa kuogopa cheo. Walimu waanze wao wenyewe: wamwamkie mpishi aliyewazidi umri, wamwite kwa jina lake mama anayefagia, na watoto watafuata bila somo lolote. Wahenga walisema heshima si utumwa, na watoto wetu wa pwani wameisikia methali hiyo nyumbani kabla hawajajua kusoma.

Saa sita mchana kengele ipigwe kwa ajili ya sala ya Malaika wa Bwana. Katika mji wetu adhana ya adhuhuri hufuata muda mfupi baadaye kutoka msikiti ulio karibu, na mwalimu mwenye busara ataitumia nafasi hiyo. Sisi tuliweka kanuni moja tu: kengele ikilia, kila mtu husimama palipo na miguu yake, na adhana ikianza, hakuna anayepiga kelele wala kuiga sauti ya mwadhini kwa mzaha. Hakuna aliyelazimishwa kusali sala ya mwenziwe. Sala kabla ya chakula ni sentensi moja, na ile ya jioni ni ya kushukuru na kuombeana radhi, ikiongozwa na mwalimu wa darasa badala ya uwanjani, kwa sababu jioni kila mtu anatazama barabara.

Kipindi cha PPI na Misa ya shule

Kipindi cha PPI kisigeuzwe kuwa kipindi cha ziada cha somo la CRE (elimu ya dini ya Kikristo). CRE lina mtaala na mitihani, ilhali PPI ni malezi ya kiroho, na mtoto anayefanya vibaya katika la kwanza anaweza kuwa mwenye kusali kwa dhati katika la pili. Omba parokia ikuletee katekista kwa madarasa ya Wakatoliki. Waanglikana na wapentekoste wapate mwalimu au mchungaji wao, na Waislamu wapate maalim anayekubalika na wazazi wao. Ikiwa maalim hapatikani, wapewe mwalimu wa kukaa nao wakisoma vitabu. Usiwaache watoto wa dini nyingine wakizurura chini ya mwembe kwa dakika thelathini na tano kila juma, kwani hapo utakuwa umewafundisha kwamba imani yao haistahili hata kiti.

Kuhusu Misa, wengi hawajui kwamba Vatikano ilitoa mwongozo maalumu wa Misa za watoto mwaka 1973, nao unaruhusu mambo yanayorahisisha kazi yetu sana. Masomo yanaweza kupunguzwa, mradi Injili isiachwe kamwe, na padri anaweza kumruhusu mtu mzima mwingine azungumze na watoto baada ya Injili kama yeye mwenyewe anaona ugumu wa kusema kwa lugha yao. Zungumza na paroko mapema juu ya nafasi hizo, kwa adabu, wala usimshtukize sakristiani. Maombi ya waumini yaandikwe na watoto wenyewe. Utashangaa: wataombea mvua, wataombea baba aliye baharini msimu wa kusi, wataombea mbuzi. Usiyasahihishe mpaka yafanane na ya watu wazima. Kwaya itumie kayamba na ngoma wanazozijua, na nyimbo ziwe chache zinazoimbwa na wote.

Kabla ya Komunyo, mtoa matangazo aeleze kwa maneno mawili kwamba wanaopokea ni Wakatoliki walioandaliwa, na kwamba mwingine yeyote anaweza kubaki kitini au kuja akiwa amepishanisha mikono kifuani ili abarikiwe. Maelezo hayo yatolewe darasani siku iliyotangulia, la sivyo utakuwa na mtoto wa miaka minane anayelia mbele ya padri.

Jambo moja la kalenda: muhula wetu wa tatu humalizika kabla ya Majilio, yaani majuma ya kujiandaa kwa Noeli, kuanza, hivyo vitabu vinavyokufundisha kutengeneza shada la Majilio darasani havikuandikiwa shule za Kenya. Weka nguvu zako palipo na watoto: Kwaresima katika muhula wa kwanza, mwezi Mei wa Bikira Maria na sikukuu ya Mtakatifu Antoni wa Padua tarehe 13 Juni katika muhula wa pili, na Rozari ya Oktoba katika wa tatu.

Kwaresima na Ramadhani zinapokutana

Mwaka 2025, Ramadhani ilianza siku chache tu kabla ya Jumatano ya Majivu ya tarehe 5 Machi, na mwaka 2026 nyakati hizo mbili zimekaribiana tena mwezi Februari. Kwa shule ya Malindi au Lamu hii ni fursa ambayo shule za bara huenda zisiipate, lakini ni fursa inayohitaji maandalizi.

Anza na ratiba. Michezo na kipindi cha mazoezi ya mwili vihamishiwe asubuhi. Wakati wa chakula cha mchana, wanaofunga wapewe chumba chenye kivuli na kazi tulivu, wakiwa na mwalimu, badala ya kuachwa wakizunguka dirisha la jikoni. Wasiofunga wale kwa amani, bila kujificha na bila kuchokoza. Mwalimu asimuulize mtoto mbele ya wenzake, "Wewe umefunga?" Wadogo wengi hujizoeza kwa nusu siku, na swali hilo likiulizwa hadharani humlazimisha mtoto kuchagua kati ya aibu na uongo.

Kwa upande wa Wakatoliki, wajulisheni watoto na wazazi kile ambacho Kanisa linaamuru hasa. Kanuni ya 1252 ya sheria za Kanisa inawafunga kuacha nyama waliotimiza miaka 14, na kufunga chakula waliofikia utu uzima, yaani miaka 18, hadi wanapoanza mwaka wa sitini. Watoto wa shule ya msingi, kwa sehemu kubwa, hawamo. Kanuni hiyo hiyo inawataka wachungaji na wazazi wawalee watoto katika maana halisi ya toba, na hapo ndipo kazi yetu ilipo. Kwa mtoto wa Malindi, kuacha nyama siku ya Ijumaa na kula changu wa kupaka hakuwezi kuitwa dhiki, na nimewahi kusema hivyo mbele ya paroko, akacheka. Afadhali mtoto ajinyime mabuyu au achari ya langoni, na shilingi zile zitiwe katika sanduku la Kwaresima la darasa. Kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima kinachotolewa na Kanisa nchini kila mwaka kina mada za juma kwa juma. Chagua zile zinazowagusa watoto, usizisome zote.

Kisha, mara moja katika kipindi hicho, mwalimu wa CRE na mwalimu au maalim anayefundisha IRE (elimu ya dini ya Kiislamu) waingie darasa la sita pamoja. Wazungumze juu ya nia ya kufunga. Mmoja asome Mathayo 6, pale Yesu anapowaambia wanaofunga wanawe uso na kujipaka mafuta ili watu wasijue, na mwingine aeleze mahali pa nia katika funga ya Kiislamu. Wasiseme kwamba dini hizi ni kitu kimoja, kwa kuwa si kweli na watoto wanajua si kweli. Waseme palipo na tofauti, na waonyeshe jinsi watu wazima wawili wanavyotofautiana bila kupandisha sauti.

Sikukuu ya Idi ikifika, watoto Waislamu hutuletea kaimati na tende, na Pasaka huwa zamu ya wengine. Hili halihitaji kupangwa na shule. Litaota lenyewe kama yaliyotangulia yamefanywa vizuri.

Sakramenti ni kazi ya parokia

Maandalizi ya Komunyo ya Kwanza na Kipaimara yafanyike chini ya paroko, na shule isaidie kwa kutoa darasa, kufuatilia mahudhurio na kukumbusha wazazi cheti cha ubatizo. Usimwahidi mzazi tarehe. Kitubio kifanyike mahali ambapo padri na mtoto wanaonekana na wengine lakini hawasikiki, kama vile kwenye viti viwili pembeni mwa ukumbi ulio wazi. Mwalimu asimuulize mtoto alichoungama, hata kwa utani.

Kosa, adhabu na msamaha

Hapa ndipo shule nyingi za dini hujisaliti. Adhabu ya viboko imekatazwa na sheria, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamkataza mtu yeyote kumtesa mwanafunzi kimwili au kisaikolojia. Lakini wapo walimu walioacha kiboko wakachukua dini mahali pake: mtoto aliyechelewa anapewa Rozari tatu akiwa amepiga magoti kwenye kokoto, aliyepiga kelele ananakili Zaburi, mwoga anaambiwa kwamba Mungu anamwona na atamchoma. Achaneni na mambo haya. Anayepewa sala kama adhabu atakuja kuiona sala kuwa adhabu, na hakuna mahubiri yatakayomwondolea fikra hiyo.

Watoto wanapokoseana, tafuta kivuli na nafasi, uwaketishe wote wawili, na kila mmoja aeleze lililotokea bila kukatizwa. Kisha uliza ni nani aliyeumizwa, ameumizwaje, na ni nini kitakachorekebisha. Kama kitabu kimechanwa, kitabu kigundishwe na aliyekichana. Kama ni tusi la kabila au la dini, na hili linatokea, msamaha uombwe mbele ya wale wale waliolisikia. Usiwalazimishe kukumbatiana papo hapo. Aliyeumizwa ana haki ya kusema, "Bado." Mwalimu amfuate baada ya siku mbili, na mara nyingi atawakuta wanacheza pamoja.

Mwalimu naye akikosea aombe radhi. Nilipomrudia yule mvulana wa majivu na kumwambia mbele ya darasa kwamba nilifanya vibaya, palikuwa na kimya ambacho sijapata kukisikia tena katika darasa la nne.

Yako makosa ambayo hayasuluhishwi chini ya mwembe. Mtoto akisema au akionyesha dalili kwamba ananyanyaswa au anatumiwa vibaya, awe aliyetajwa ni mwalimu, jamaa, kiongozi wa kanisa au mgeni wa hotelini, usifanye upatanisho na usiitishe kikao cha wazee. Mpeleke mahali salama, mjulishe mwalimu mkuu na afisa wa watoto siku hiyo hiyo, na ujue nambari 116 ambayo hupigwa bure kote nchini. Nambari hiyo iandikwe ukutani, karibu na picha ya Moyo Mtakatifu kama ipo.

Msiba na sadaka

Wapwani hupimana kwa misiba. Shule iwe na mpango tayari, kwa kuwa familia ya Kiislamu huzika haraka, mara nyingi siku ile ile, na mkisubiri kikao cha kamati mtakuta watu wametawanyika. Wateueni walimu wawili wa kwenda mara moja, mwanamke na mwanamume, mwanamke akiwa na leso yake. Katika nyumba ya Kiislamu msiongoze sala ya Kikristo na msibebe mashada. Ketini, toeni pole na rambirambi, ondokeni. Kwenye matanga ya Mgiriama au Mkatoliki mnaweza kwenda baadaye na wanafunzi wa darasa la aliyefiwa, wachache, na mwimbe wimbo mmoja.

Katika mji huu jambo hilo lina historia. Fransisko Ksaveri alipopita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, alimzika hapa mtu mmoja aliyefariki, na katika barua yake ya Septemba mwaka ule aliandika kwamba Waislamu wa Malindi walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika mtu wao. Aliandika pia jinsi mkubwa mmoja wa mji alivyomlalamikia kwamba kati ya misikiti kumi na saba ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Wapelekeni darasa la tano kwenye kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti, pale karibu na bahari, mkawasimulie habari hiyo makaburini. Waulizeni kwa nini mzee wa Kiislamu alimwamini mgeni Mkristo hata akamweleza huzuni ya dini yake. Majibu yao yatazidi maswali ya kitabu.

Kuhusu kutoa, kanisa kuu la jimbo letu ni la Mtakatifu Antoni, na desturi ya mkate wa Mtakatifu Antoni kwa maskini inaifaa shule vizuri. Kila darasa liwe na ndoo yenye kifuniko ambamo mtoto anaweza kutia kikombe cha unga, mbaazi au sabuni wakati wowote kati ya Mei na tarehe 13 Juni. Asiulizwe aliyetia na aliyekosa, na kiasi cha darasa kisitangazwe gwarideni, kwa maana mara tu mtakapotangaza mtakuwa na mashindano, na yule ambaye nyumbani kwao hapajapikwa jana ataiba ili atoe. Vitu hivyo vigawiwe na watu wawili tu wanaojua wahitaji, jioni, watoto wakiwa wameondoka.

Kupima kazi yenyewe

Mwishoni mwa muhula, itisha kikao cha mwalimu mkuu, katekista, mwakilishi wa wazazi Wakatoliki, mwakilishi wa wazazi Waislamu, na mtu mmoja wa wafanyakazi wasio walimu. Msihesabu Misa zilizofanyika. Muulizeni mpishi kama anasalimiwa. Muulizeni mzazi Mwislamu kama mtoto wake aliwahi kurudi nyumbani na jambo ambalo hakuliridhia. Muulizeni katekista ni watoto wangapi aliowaona parokiani Jumapili bila kusukumwa na shule. Yaandikeni majibu kama yalivyo katika daftari lile lile la muhula uliopita, myalinganishe. Kikao kisizidi saa moja, na kifanyike kabla walimu hawajaanza kujaza ripoti za wanafunzi, kwani baada ya hapo hamtampata hata mmoja wa kuketi.